Gesi ya friji haiishi, inatoroka: Jifunze kuunga paipu bila moto

Saa nane mchana, Lorugum. Jua limekukalia utosini na vumbi la barabara ya kutoka Lodwar bado liko kooni. Unaingia dukani, unaitisha soda baridi. Ukiishika, ni kama umeshika kikombe cha chai.

"Pole kijana wangu," mama mwenye duka anakuambia. "Friji imelala tena. Na si fundi aliijaza gesi mwezi jana tu!"

Kisa hiki nimekitunga, lakini ukizunguka Lorugum, Lodwar au Kakuma na ukose mwenye duka wa kukuambia maneno kama hayo, nidai soda. Kama wewe ni fundi, au unatafuta kazi ya mkono ambayo hutalala njaa ukiwa nayo, tulia nami hapa. Ndani ya malalamiko ya mama huyo kuna kazi kwa mtu anayeielewa vizuri. Kuna hatari pia, ambayo mafundi wengi bado hawajaijua.

Kwanza tukubaliane: gesi ya friji haiishi.

Friji si jiko la gesi, kwamba unapika hadi mtungi unakuwa mwepesi. Gesi yake inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa kila upande. Kompresa inaisukuma, inapoa nyuma ya friji na kuwa maji, inapita kwenye paipu nyembamba kama waya, kisha inageuka gesi tena huko ndani na kuvuta joto la soda zako. Halafu inarudi kwa kompresa kuanza upya. Gesi ile ile iliyowekwa kiwandani inaweza kufanya kazi hiyo miaka kumi na zaidi.

Kwa hivyo fundi akikuambia "gesi imeisha", amekupa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kwamba kuna mahali imetobokea. Mara nyingi mahali hapo ni pale paipu mbili zilipounganishwa. Ukijaza gesi bila kushughulikia kiungo hicho, umemwazima mama wa watu baridi ya wiki tatu, na umemlipisha kama umemuuzia.

(Kabla hujaisingizia gesi, hata hivyo, angalia mambo madogo. Vumbi la Turkana likijaa kwenye wavu wa nyuma, friji haipoi. Mpira wa mlango ukikatika, haipoi. Umeme ukiwa dhaifu, kompresa inanguruma tu bila kuwaka. Fundi mzuri huanza na kitambaa na mita, si na mtungi.)

Njia tuliyoizoea

Paipu mbili za shaba zinaungwaje? Njia ambayo wengi wetu tumeiona kwa mafundi wa jua kali ni hii. Unachukua kifaa cha kupanua mdomo wa paipu. Ni ubao wa chuma wenye matundu ya saizi tofauti, na nondo fupi yenye ncha ya duara. Unabana paipu kwenye tundu lake, unaingiza nondo, unagonga kwa nyundo au unakaza kwa skrubu. Mdomo wa paipu unapanuka kiasi cha kuipokea paipu nyingine ya saizi ile ile.

Kuna kanuni moja ya kukariri. Kina cha mdomo uliopanuliwa kisipungue upana wa paipu yenyewe. Paipu ya robo inchi, yaani karibu milimita 6, iingie ndani milimita 6 hivi. Ikiwa fupi kuliko hapo, kiungo kinashikiliwa na bahati.

Baada ya hapo unachomelea. Unawasha tochi ya gesi, unapasha shaba hadi inakuwa nyekundu kidogo, zaidi ya nyuzi 600, na unayeyusha kijiti kijaze mwanya. Ukiifanya kwa usafi, kiungo hicho ni imara sana. Mafundi wamekula na kusomesha watoto kwa kazi hiyo, na siji hapa kuidharau.

Shida ni kwamba friji yenyewe imebadilika.

Gesi mpya, hatari mpya

Friji za zamani zilitumia gesi iliyoitwa R12. Haikuwaka moto, lakini iligundulika kuwa inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaipiga vita, na kufikia 2010 nchi kama yetu zilipaswa kuwa zimeachana nayo. Ikaja R134a. Hii haidhuru ozoni, ila inapasha dunia joto vibaya mno: kilo moja yake ina nguvu ya zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya kaboni. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, na kukubaliana kupunguza gesi za ukoo huo.

Iliyochukua nafasi kwenye friji za nyumbani ni R600a. Jina lake la nyumbani ni isobuteni. Ukisikia "buteni" ukakumbuka mtungi wa kupikia, hujakosea, ni ndugu wa karibu. Friji za aina hii zilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1993, na leo friji nyingi mpya unazoziona madukani, pamoja na nyingi za sola zinazohifadhi chanjo, zinatumia gesi hii. Haisumbui ozoni, haipashi dunia joto kama zile nyingine, na haili umeme mwingi. Ila inawaka.

Hebu tupige hesabu ndogo. Friji ya nyumbani huwa na makumi machache tu ya gramu za R600a. Chukua gramu 50. Zikitoka zote zinakuwa kama lita 20 za gesi. Gesi hii inaanza kuwaka ikifika chini kidogo ya asilimia 2 ya hewa iliyopo. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, haipandi juu na kupotea. Inashuka na kujikusanya sakafuni, nyuma ya friji, kwenye kona. Kona yenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja ina lita 1,000 za hewa. Lita 20 ndani ya hiyo zinatosha kulipuka. Sasa fikiria kibanda cha mabati kilichofungwa, na wewe umepiga magoti nyuma ya friji na tochi mkononi.

Tena usingoje kusikia harufu. Gesi ya kupikia hunuka kwa sababu imetiwa kitu cha kunukia makusudi. R600a ya friji kwa kawaida haijatiwa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo huwakamata hata mafundi wazoefu. La kwanza, ukishafungua mfumo na kudhani gesi yote imetoka, bado kuna iliyojificha ndani ya mafuta ya kompresa. Inaendelea kutoka polepole. Ukileta moto kwenye paipu, inakungoja humo. La pili, kwenye friji ya R600a upande wa baridi mara nyingi hufanya kazi chini ya shinikizo la hewa ya kawaida. Kukiwa na tundu upande huo, friji ikiwaka haitoi gesi nje, inavuta hewa na unyevu ndani. Kwa hivyo unaweza kupaka povu la sabuni mchana kutwa usione hata puto moja, na huku ndani ya paipu gesi imeshachanganyika na hewa. Mchanganyiko huo ndio moto unaupenda.

Kubana badala ya kuchoma

Kuna njia ya kuunga paipu bila kiberiti kabisa, na huenda tayari umeiona ndugu yake. Umewahi kumwona fundi wa malori au matrekta akitengeneza hosi ya haidroliki? Anaingiza kichwa cha chuma kwenye hosi, anavisha pete nje, anaweka kwenye mashine, mashine inakaza pande zote kwa pamoja. Pete inaminya, na hosi haitoki tena hata ikibeba shinikizo la kuinua tipa lililojaa kokoto. Viungo vya namna hiyo vya kubanwa hutumika hata kwenye paipu za haidroliki za ndege. Chuma kinashikwa na chuma, bila moto.

Kwenye friji kazi ni ile ile ila ndogo. Kuna kiungo kifupi, kama mkono wa shati, ambacho paipu mbili zinaingia, moja kila upande. Juu yake kuna pete mbili zilizochongwa kwa ndani zikawa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Unashika kifaa cha mkono kinachofanana na koleo kubwa lenye taya mbili. Ukikifinya, taya zinazisukuma pete zielekee katikati. Kadiri pete inavyosogea, ndivyo inavyoiminya kiungo juu ya paipu, mpaka shaba ya paipu inajikunja kidogo na kushikana nayo. Kampuni ya VULKAN ya Ujerumani ndiyo iliyoifanya njia hii ijulikane kwa mafundi wa friji, kwa jina la Lokring, na siku hizi jina hilo limekuwa kama jina la kazi yenyewe.

Uzuri mwingine uko kwenye aluminiamu. Ndani ya friji nyingi, sehemu ya baridi ni ya aluminiamu, na kuichomelea na shaba ni kazi ya kuvunja moyo: aluminiamu inayeyuka kabla hujajua. Pete haijali. Kuna viungo vya shaba nyeupe kwa paipu za shaba na chuma, na vya aluminiamu kwa zile za aluminiamu. Cha kuzingatia ni kununua kinachofaa paipu yako, kwa aina na kwa milimita. Hakuna cha "hii inakaribiana".

Hatua kwa hatua

Usisome sehemu hii ukakimbilia friji ya jirani. Isome ili ukimwona fundi akifanya kazi ujue anafanya nini na anaruka nini.

Anza na kibandiko kwenye kompresa. Kimeandikwa R600a, au kina alama ya moto ndani ya pembetatu ya manjano? Basi kanuni ni moja: hakuna moto. Toa friji nje penye upepo kama inawezekana. Jiko, jenereta na sigara zikae mbali. Zima umeme na uchomoe plagi.

Toa gesi kwa hosi hadi mahali wazi, kisha pitisha naitrojeni ndani ya paipu iifukuze iliyobaki. Kata paipu kwa kikata-paipu cha gurudumu, usitumie msumeno. Unga wa msumeno ukiingia ndani utaishia kwa kompresa, na hapo utakuwa umetengeneza kitu kimoja na kuua kingine.

Safisha ncha za paipu, ukizungusha kitambaa cha kusugulia kuizunguka paipu. Usisugue kwa kwenda mbele na kurudi, kwa sababu mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa kutorokea gesi. Weka alama ya kalamu kuonyesha paipu itaingia mpaka wapi. Tia tone la dawa maalumu ya kuziba mikwaruzo midogo, ingiza paipu hadi iguse mwisho, kisha zungusha kiungo mara moja ili dawa isambae. Finya kifaa mpaka pete zifike mwisho wake. Angalia alama yako ya kalamu: je, paipu ilirudi nyuma? Ipe dawa dakika chache ikauke.

Sasa pima. Jaza naitrojeni, paka povu la sabuni, subiri, soma geji. Ikishikilia, nyonya hewa yote kwa pampu, kisha jaza gesi kwa mizani ya kidijitali. Narudia, kwa mizani. Friji inayotaka gramu 40 haijazwi kwa kusikiliza mlio. Mdomo wa kujazia nao unafungwa kwa pete ya aina hiyo hiyo, hautiwi moto.

Na tafadhali usijaze gesi ya mtungi wa kupikia eti ni ndugu. Ile ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na shinikizo lake si lile kompresa hiyo ilitengenezewa. Tena kuiweka kwenye friji ya zamani ya R134a, ambayo nyaya na swichi zake hazikutengenezewa gesi inayowaka, ni kumwachia mteja bomu jikoni.

Wacha tuongee pesa

Sitakudanganya kwamba njia hii ni ya bei rahisi. Kifaa chenyewe ni ghali kuliko tochi, na kila pete inatumika mara moja tu. Ukikosea, unakata na kuanza na nyingine. Duka la pale mtaani huenda halina, kwa hivyo lazima uagize kutoka miji mikubwa. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300, na hadi Kakuma unaongeza kama 120. Pete moja ikikosekana, kazi inalala.

Lakini piga hesabu upande wa pili. Tochi nayo inataka mtungi, vijiti, na nauli ya kuujaza tena huo mtungi. Kiungo kibaya kinakurudisha kwa mteja bure. Na ukiungua, hiyo bei utaiandika wapi?

Kuna njia ya katikati. Watatu au wanne mnaofanya kazi Lodwar, Lorugum na Kakuma mnaweza kuchanga kama chama, mnunue kifaa kimoja na pete za saizi zinazotumika sana. Angalieni kwanza friji mnazoletewa kwa mwezi mmoja, mwandike milimita za paipu zake. Daftari hilo ndilo litawaambia mnunue nini. Tochi msitupe. Itaendelea kufanya kazi kwenye paipu mpya ambazo hazijaonja gesi, na kwenye mifumo isiyowaka, mkiwa nje na mkipitisha naitrojeni.

Turkana inajua vizuri gharama ya baridi. Kule Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kulijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa pesa za Norway, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi muda mfupi tu kikafungwa, kwa sababu kugandisha samaki katika joto hilo kulihitaji nishati na maji safi kupita uwezo. Somo ninalolichukua pale ni dogo: huku kwetu baridi ni mali, na anayeizuia isipotee ana kazi. Lodwar kwa miaka mingi iliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli. Kakuma, tangu kambi ifunguliwe 1992, wenye maduka wamepambana na umeme wa jenereta na sasa sola. Kila saa ambayo friji inazunguka bila kupoa, kuna mtu anayelipia.

Kuhusu friji za chanjo, hizo zina kanuni zake. Zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mchana na usiku, na zina mafundi wa afya waliopewa mafunzo yake. Usiziguse kwa sababu nesi ni rafiki yako. Lakini jua kwamba ujuzi huu wa kuunga bila moto ni kati ya vitu vinavyotakiwa huko. Ukiwa na cheti, mlango huo unaweza kuugonga.

Cheti utakipata wapi?

Kama uko Lodwar, anzia chuo cha ufundi cha mjini. Kama uko Kakuma, Don Bosco wamekuwa wakifundisha vijana kazi za mikono, wakimbizi na wenyeji pamoja. Uliza maswali haya kabla hujalipa chochote. Mnafundisha friji au umeme tu? Mna friji ya R600a ya kufanyia mazoezi? Mna kifaa cha kubana pete, au tutakiona kwenye picha?

Kama tayari una miaka kwenye kazi bila karatasi, usijione umechelewa. NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, hufanya majaribio ya gredi kwa mafundi, ukianzia gredi ya tatu kwenda juu. Pia kuna utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa. Mtu anayejua kazi lakini hana karatasi ndiye aliyewekewa mambo hayo.

Sasa turudi Lorugum, kwa yule mama. Umeingia dukani, soda ni ya moto, na amekuambia friji imelala tena. Usimwambie "gesi imeisha, mama". Piga magoti, soma kibandiko, pangusa vumbi, pima umeme, tafuta kiungo. Ukikipata, mwonyeshe kwa kidole: "Inatorokea hapa, mama. Hapa ndipo utanilipa nipazibe. Gesi inafuata baadaye."

Atauliza mbona hujabeba mtungi wa moto kama yule mwingine. Mjibu. Atakuwa mteja wako wa kwanza kujua tofauti, na mwezi ujao atawaambia wenzake wa sokoni.